Injinia Aliyekuja na Baridi

Injinia hakuanza na watu, alianza na baridi. Akiingia wodini kwetu alisimama katikati ya chumba cha watoto njiti, akavua glavu moja, akainua kiganja hewani kama mtu anayesikilizia mvua, kisha akasema, "Mhm. Ipo." Hapo ndipo aliponigeukia. "Kamwene, Sista." Nami nikajibu, "Kamwene, Injinia," huku nikijizuia nisicheke, maana alikuwa amevaa sweta mbili, kanga kaifunga juu ya suruali, na kofia ya sufu imemshukia mpaka kwenye nyusi. Salamu ya Kibena aliijua hiyo moja tu, na aliitumia kwa kila kitu: kusalimia, kuaga, kuomba chumvi mezani, hata kumtaka radhi mtu aliyemkanyaga mguu.

Wageni wengine wa vyuo vikuu huja Njombe wakati wa jua, wakapiga picha, wakanunua parachichi, wakaondoka. Yeye alikuja Juni, wakati ambao sisi wenyewe tunatamani kuhama. Ukiona umande wa alfajiri umeganda mweupe juu ya majani ya viazi, ujue Injinia yuko njiani. Mwaka wa kwanza nilimwuliza kwa nini anajitesa hivyo, akanijibu bila kuinua macho kwenye daftari lake: "Mashine ikiishinda Julai ya Njombe, Sista, hakuna mwezi mwingine utakaoisumbua."

Alizaliwa wapi, ni mtu wa ukoo gani, sikumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Nilijua kwamba anafundisha uhandisi wa vifaa tiba katika chuo kikuu cha mbali, chuo cha nchi ya joto, ambako kila alichokitengeneza kilifanya kazi vizuri kupita kiasi. "Kule maabara," alisema, "hata kiatu changu kingemtunza mtoto njiti." Ndiyo maana akaleta mashine yake kwetu.

Mashine yenyewe ilikuwa kitanda kidogo cha mtoto, tukakiita kitanda-joto. Ndani ya godoro lake mlikuwa na nta inayofanana na ya mshumaa. Umeme ukiwepo, nta inayeyuka. Umeme ukikatika, nta inaganda polepole na kuliachia joto lake saa baada ya saa, na mtoto aliyelala juu yake hana habari kwamba taa zimezimika. Juu, upande wa kichwani, palikuwa na boksi la chuma lenye taa mbili, ya kijani na nyekundu, na matundu ya kupumulia. Boksi hilo ndilo lililoamua joto lipande au lishuke.

Asiyejua tulikotoka ataona ni jambo dogo. Kabla ya kitanda hicho tulikuwa na chupa. Tulichemsha maji, tukajaza chupa, tukazifunga kwa vitenge, tukazipanga pembeni mwa mtoto asiyefikia hata uzito wa mfuko mdogo wa sukari. Chupa ikiwa ya moto sana inaunguza, ikipoa inamnyonya mtoto joto alilonalo. Nimekuwa muuguzi wa watoto kwa miaka mingi, na kitu nilichokichukia kuliko vyote duniani ni chupa ya maji ya moto. Hata leo nyumbani kwangu haimo.

Kwa hiyo aliposema anataka kujaribu kitanda chake kwetu, nilimkubalia kabla hajamaliza sentensi. Yeye ndiye aliyekataa kuharakisha. Mwaka wa kwanza hakuweka mtoto hata mmoja. Aliweka viazi.

Alikwenda sokoni mwenyewe, akachagua viazi mviringo mmoja mmoja kama anayechagua mchumba, akavipima mpaka uzito ukalingana na wa mtoto njiti, akavifunga kwenye shali, akavilaza juu ya kitanda-joto na vipimajoto vimechomekwa katikati. Kila baada ya nusu saa alisoma na kuandika. Mabibi waliokuja kuwatunza wazazi walikusanyika mlangoni kutazama. "Injinia analea viazi," wakasema. Mmoja akamwuliza kama vimeshaanza kunyonya. Yeye akajibu kwa uso mkavu kabisa, "Bado, mama. Vinasubiri maziwa ya kwanza." Jaribio likiisha tulivichemsha viazi vile tukavila kwa chai, na ndipo aliponiambia kwamba katika ripoti ya chuo hajaandika neno kiazi. Ameandika "mfano wa mwili." Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Alikuwa na misemo yake, na misemo hiyo imebaki wodini kuliko samani alizotuachia. Wa kwanza ulikuwa, "Kifua cha mama ndiyo mashine ya kwanza, yangu ni ya pili." Hakutaka kuona mtoto amelazwa kwenye kitanda-joto wakati mama yake ni mzima na anaweza kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi. Kitanda kilikuwa cha yule ambaye mama yake bado yuko chumba cha upasuaji, au amezidiwa, au hayupo tena. Nilishangaa kumwona mtu anatengeneza kitu kisha anafurahi kisipotumika.

Msemo wa pili uliniudhi kwanza, baadaye nikauiba. Ukimwambia kitu kimeharibika, alinyanyua kidole. "Usiniambie kimeharibika. Niambie kimefanya nini." Basi inabidi ukae chini ueleze: taa ilikuwa ya rangi gani, saa ngapi, nani alikuwepo, mvua au jua. Leo wauguzi wangu wachanga wakiandika kwenye kitabu cha zamu "mashine mbovu," nawarudishia kitabu. Wananisema pembeni, najua.

Usidhani alikuwa mtu mgumu asiye na kasoro. Mwanamke huyu aliyetumia maisha yake kubuni vifaa vya hospitali alikuwa anaogopa sindano kuliko mtoto wa chekechea. Mwaka wa pili kifua kilimbana, daktari akataka damu yake. Alikaa kwenye kiti, akageuzia uso ukutani, akaanza kusoma bango la unyonyeshaji kwa sauti ya juu, neno kwa neno, hadi mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa na sindano. Nilipomwambia nimeshamaliza zamani, akasema, "Ngoja kwanza, nimefika kwenye aya nzuri."

Na halafu ulikuwepo uzi. Hakwenda popote bila kibonge cha uzi wa buluu na kulabu yake ya kufumia. Kwenye basi anafuma, kwenye kikao na mganga mfawidhi anafuma, akisubiri nta iyeyuke anafuma. Vidole vilikwenda vyenyewe na macho yako kwenye kipimajoto. Kazi ilikuwa safi, maua yamekaa sawa, pembe zimenyooka, mimi ambaye nimefuma tangu darasa la tano nilimwonea wivu. Lakini kikao kikiisha alishika ncha ya uzi akavuta, prrr, kitambaa chote kikafumuka, akakizungusha tena kwenye kibonge. Mara ya kwanza nilipiga kelele kama nimeona mtu anavunja sahani.

"Mbona unaharibu, Injinia?"

"Nafuma ili mikono itulie, Sista. Sifumi ili kitu kifunikwe. Mimi na vitambaa vya juu ya redio hatuelewani. Kitu kinachofanya kazi kiachwe kipumue."

Miaka yote ile ulikuwa uzi uleule. Umefumwa na kufumuliwa mpaka rangi ya buluu ikawa kama anga la asubuhi. Alisema hajawahi kumaliza kitu kwa uzi huo na hana mpango. Sikumwelewa, kwa sababu mimi nimelelewa katika nyumba ambayo kila kilichonunuliwa kwa jasho kina kitambaa chake: redio, kiti, jagi la maji, hata cherehani. Mama yangu alikuwa anasema kitu kisichofunikwa hakina mwenyewe. Huku kwetu, mgeni akiingia akakuta televisheni iko wazi, atadhani umeiazima.

Mwaka wa tatu ndio ulikuwa mwaka wa watoto. Jopo la chuo lilimpa Injinia sharti moja. Kitanda kikae kwetu kipupwe kizima na watoto halisi. Kikimaliza bila kuzimika, au kikizimika kwa sababu inayoeleweka na kurekebishika, vitatengenezwa vingine na hiki kitabaki mali ya wodi. Kikizimikazimika bila sababu, kinarudi stoo ya maabara, na sisi tunarudi kwenye chupa. Alinisomea barua hiyo ofisini kwangu. Tangu siku hiyo nilikipenda kile kitanda kupita kiasi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyotaka kukiua.

Wiki mbili za mwanzo za Juni zilikwenda vizuri. Kisha kikaanza. Kitanda kinafanya kazi wiki nzima, ikifika Jumamosi jioni taa nyekundu inawaka, kinajizima. Jumatatu asubuhi kinarudi kizima kabisa, kama mtu aliyetoka likizo. Watoto hawakupata madhara, maana tuliwapima joto kila baada ya saa tatu, nta iliendelea kututunzia muda, na mtoto alihamia haraka kwenye kifua cha mama, bibi au shangazi. Lakini kila kuzimika kuliingia kwenye daftari, na daftari lilikuwa linakwenda chuoni.

Injinia alifungua boksi, akafunga, akafungua. Akabadilisha waya. Akapima umeme wa Jumamosi na wa Jumatano, ukawa sawa. Aliniuliza kama kuna mtu anabonyeza vitufe, nikamwambia kwa moyo safi kabisa kwamba hakuna anayethubutu. Wodi nzima ilishajua habari hiyo, na hapakosekani watani. Daktari akasema, "Mashine yenu ni Mlutheri, Jumapili haifanyi kazi." Mhudumu wa usafi akamjibu kwamba kwa kuwa inaanza Jumamosi, basi huenda ni Msabato. Injinia alicheka pamoja nao, lakini nilimwona anafuma na kufumua kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona.

Mwishowe akasema ni umande. Baridi ya Njombe inaingia ndani ya boksi, inageuka maji, inagusa waya. Akaondoka Ijumaa kwenda Makambako kumwona mtu aliyemwita mwalimu wake.

Mwalimu huyo alikuwa Fundi Nasoro, mzee wa kofia nyeupe anayetengeneza umeme wa malori karibu na njia panda, penye upepo usiopumzika. Alifika Makambako zamani na lori la karanga, lori likaharibika, akalitengeneza, na mpaka leo yuko palepale. Injinia alimgundua mwaka wa kwanza, basi lake lilipoharibika, akakaa juu ya tairi kuukuu saa nzima akimtazama anavyofanya kazi. Tangu hapo kila akipita alishuka kumsalimia. Siku moja tulikuwa wote, nikashuhudia mwanamke mwenye shahada tatu anauliza maswali na kuandika majibu, na mzee yule anamkemea, "Usishike hapo, mama, hapo patakuuma."

Kilichotokea Jumamosi ile alinisimulia mwenyewe. Nasoro alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa cha mafuta, akampa kikopo cha grisi ya kupaka kwenye maungio ya waya. Malori yanayotoka upande wa Njombe huamka na umande kwenye soketi, akasema, na madereva wote wanapaka hiyo. Kisha akauliza, "Inazimika siku zipi?"

"Jumamosi jioni. Inarudi Jumatatu."

Mzee akaweka chini bisibisi. "Umande haujui kalenda, Mwalimu. Wanaojua kalenda ni watu. Grisi chukua, itakufaa. Lakini nenda ukawatazame watu."

Injinia akaja Jumapili, bila taarifa.

Sasa lazima niseme tulichokuwa tunafanya. Kila Jumamosi mchana akina mama wa usharika huja wodini kusali na wagonjwa na kusafisha. Mimi nami, kama mwenyeji, huwa nataka wodi yangu ipendeze kwa ajili ya Jumapili. Nilikuwa nimefuma kitambaa cha kitanda-joto, cheupe chenye bata wa njano pembeni, kazi ya majuma kadhaa. Nilikifua, nikakitia wanga mzito, nikakipiga pasi mpaka kikasimama chenyewe kama kadi ya harusi. Jumamosi tunakitandika juu ya boksi. Jumatatu alfajiri tunakitoa kwenda kufuliwa, kabla daktari hajapita. Injinia alikuwa anatutembelea siku za kazi, hakuwahi kukikuta. Wala haikunijia kumwambia. Nani anamwambia mgeni kwamba ametandika kitambaa?

Siku hiyo kitanda kilikuwa kimejizima tena. Bibi mmoja wa Kifanya alikuwa amekaa pembeni yake na mjukuu kifuani, chini ya blanketi, ngozi kwa ngozi, kwa sababu binti yake alikuwa bado hajaamka vizuri baada ya upasuaji. Injinia aliingia. Hakuinua kiganja, hakusema ipo wala haipo. Alisimama anawatazama bata.

"Nani amekivalisha?"

Bibi akajibu kwa niaba yetu. "Ni sisi, mwanangu. Kitu cha thamani namna hii kikae uchi, na baridi hii?"

Injinia alisogea taratibu, akakiinua kitambaa kwa ncha za vidole. Kilibaki kimenyooka hewani. Akaweka kiganja juu ya boksi, akakiondoa haraka, lilikuwa la moto kama kikaango. Matundu yote ya kupumulia tulikuwa tumeyaziba kwa wanga, na joto lililokosa pa kutokea ndilo lililokuwa linakizima kitanda. Alisubiri. Tulisubiri sote, hata mtoto alitulia. Baada ya muda taa nyekundu ikazimika, ya kijani ikawaka.

Hapo akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini sakafuni na sweta zake mbili, akakishika kitambaa changu kifuani, akacheka mpaka bibi naye akaanza, na tumbo lake likamrusharusha mjukuu. Mimi nililia. Sikulia kidogo. Niliona chupa zinarudi, nikaona ni mikono yangu hii inayozirudisha.

"Nimekuharibia kazi, Injinia. Miaka mitatu. Nimeharibu."

Akanyanyua kidole palepale alipokaa. "Kaa chini, Sista. Usiniambie umeharibu. Niambie umefanya nini."

Nikakaa sakafuni, nikamwambia. Akatoa daftari akaandika yote: wanga kiasi gani, maji kiasi gani, nani anafua, siku gani, kwa nini. Kwenye "kwa nini" alikaa muda mrefu. Bibi akamsaidia. "Andika kwamba tunakipenda." Akaandika. Kisha akatoa mkobani kile kipimio cha chuma anachopimia vyuma vyembamba, akaanza kupima kitambaa changu, urefu, upana, hadi unene wa bata.

Barua aliyopeleka kwenye jopo alinisomea kabla ya kuituma. Sikutegemea. Nilidhani nitaandikwa mimi. Aliandika kwamba kosa ni la mbunifu, aliyetengeneza kitu cha kuishi ndani ya nyumba ya watu bila kuuliza watu hao hukaaje na vitu wanavyovithamini. Mwisho akawashukuru watu watatu kwa kugundua hitilafu: fundi wa malori wa Makambako, bibi wa Kifanya, na mimi. Mimi! Nilimwambia aliondoe jina langu, akasema ripoti ya sayansi haifumuliwi.

Bata wakalala kabatini mwaka ule. Kitanda kilimaliza Julai na Agosti bila kuzimika hata siku moja, Jumapili zote zikiwemo, na grisi ya Nasoro iko kwenye maungio yake. Sababu ilikuwa imeeleweka, jopo likakubali. Kitanda kikabaki kwetu. Siku barua ilipofika tulipiga vigelegele mpaka wodi ya wanaume wakatuma mtu aulize nani amejifungua.

Vilivyofuata vilikuwa na umbo jingine. Boksi lilihamia chini ya kitanda, matundu yakawekwa ubavuni ambako hakuna anayetandika kitu. Na juu, upande wa kichwani, Injinia aliacha mahali patupu, bapa, pasipo na kazi yoyote. Wanafunzi wake, alinieleza, walimwuliza pa nini. Aliwajibu: "Pa kitambaa." Kwa vipimo vya bata wangu. Kimoja tulipewa sisi, na sasa viko hospitali kadhaa za nyanda hizi, mpaka upande wa Makete. Nimemwona muuguzi wa kutoka huko akipasifu mahali hapo bila kujua palikotoka.

Aliendelea kuja kila Juni, mpaka alipostaafu. Nilisikia amehamia Makambako, kwa binti yake aliyeajiriwa huko, na kwamba asubuhi anakaa kwa Fundi Nasoro kubishana juu ya betri. Nilicheka niliposikia. Nikasema mtu aliyelalamikia baridi kiasi kile amestaafu akahamia kwenye upepo.

Kipupwe kilichopita, asubuhi ya Jumanne, gari la wagonjwa lilitoka Makambako na mzazi ambaye ujauzito haujafika wakati. Alipelekwa moja kwa moja upasuaji. Mtoto aliletwa kwangu, wa kike, mdogo, mikono kama njiti za kiberiti kweli. Nilikuwa nimeshamlaza kwenye kitanda-joto, kile chenye mahali pa kitambaa, na taa ya kijani imewaka, ndipo mlango ukafunguka akaingia bibi yake.

Alikuwa amevaa sweta moja tu, tena kinyume. Hakuinua kiganja. Hakusema kamwene. Alisimama mbali na kitanda alichokibuni mwenyewe kama mtu ambaye hajawahi kukiona, akanitazama na macho mekundu.

"Sista," akasema, "hiki kitanda... kinaaminika?"

Nimewajibu wazazi na mabibi swali hilo mara nyingi, nina majibu yangu yaliyozoeleka. Mtu aliyejua kila waya, aliyeandika kila joto la kila nusu saa, alikuwa ananiuliza mimi. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi.

"Kimepita Julai saba, Injinia."

"Zote?"

"Zote. Na leo ni Jumanne, siyo Jumapili."

Kicheko kilimtoka pamoja na machozi. Nikamvutia kiti akakaa, akatoa uzi wake wa buluu na kulabu, akaanza kufuma.

Alikaa hivyo siku tatu. Alikwenda kumwona binti yake, akarudi, akafuma. Kila nilipopita nilitazama vidole vile nikingoja lile prrr la kufumua. Sikulisikia. Siku ya tatu binti yake aliletwa kwa kiti cha magurudumu, ameamka, mwenye nguvu, nikamwekea mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Injinia akamwambia, "Hiyo ndiyo mashine ya kwanza."

Kitanda kilibaki kitupu, kina joto lake, kikimsubiri mtoto mama atakapochoka. Injinia akanijia kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mkononi alikuwa na kitambaa cha buluu, cha mraba, maua yamekaa sawa, pembe zimenyooka, na uzi bado umeunganika na kibonge kilichobaki kidogo kama punje.

"Naomba ruhusa ya kutandika."

Nikavaa uso wa kazi. "Umekitia wanga?"

"Sijatia."

"Kinapumua?"

Akakiinua kuelekea dirishani. Jua la Njombe lilipita katika kila tundu likamwangukia usoni.

"Haya. Tandika."

Hakutandika. Alinipa kibonge. "Kata wewe, Sista. Kikibaki mikononi mwangu nitakifumua."

Nikatoa mkasi wangu wa bandeji mfukoni, nikaukata ule uzi. Tukakitandika wote wawili, yeye pembe mbili na mimi pembe mbili, mahali pale patupu, kikaenea sawasawa. Kisha akavua glavu ambayo hakuwa ameivaa, nasema kweli, mkono ulifanya kama unaivua, akainua kiganja juu ya kichwa cha mjukuu wake aliyelala kifuani kwa mama, bila kumgusa, akasikilizia joto.

"Mhm. Lipo," akasema. Akainama karibu na sikio la mtoto. "Kamwene."